Nikikosea, Nitajuaje? Falsafa ya Utafiti kwa Anayeandika Sura ya Tatu

Mapendekezo mengi ya utafiti yanayoandikwa katika vyuo vyetu yana aya moja inayofanana. Iko mwanzoni mwa Sura ya Tatu, chini ya kichwa "Falsafa ya Utafiti". Inasema kwamba utafiti huu umejikita katika upozitivisti, inamtaja mwanafalsafa mmoja au wawili, kisha inakwisha, na kuanzia hapo hadi ukurasa wa mwisho upozitivisti hausikiki tena. Mwandishi ameitoa kwenye tasnifu ya aliyemtangulia, naye aliyemtangulia aliitoa kwa mwingine. Ifute, na hakuna kitakachobadilika: sampuli ni ileile, vipimo ni vilevile, hitimisho ni lilelile.

Ninakuomba uipe aya hiyo uzito zaidi. Falsafa inayostahili kukaa katika Sura ya Tatu ni ile ambayo ukiiondoa, jaribio lako lote linabadilika. Na kwa mtu wa sayansi, anayepima, anayehesabu na kujaribu, iwe katika fizikia, kilimo, tiba au uhandisi, sehemu kubwa ya falsafa hiyo inaingia ndani ya swali moja. Liandike kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari lako la maabara: nikikosea, nitajuaje?

Swali ni fupi lakini lina kazi nyingi. Ndilo linalokuamulia utapima nini, utalinganisha nani na nani, utaandika nini kabla ya kuanza, na utasema nini matokeo yakitoka kinyume. Hapa tutakaa zaidi pale ambapo wanafunzi wengi hukwama, na kwingine tutapita haraka.

Anza na jibu usilolitaka

David Hume, mwanafalsafa wa Uskoti wa karne ya 18, alionyesha jambo ambalo wanafalsafa wanahangaika nalo hadi leo: kuona kitu kikitokea mara elfu hakukupi uthibitisho wa kimantiki kwamba kitatokea tena. Ushahidi unaokubaliana nawe unaweza kurundikana bila kukufikisha kwenye uhakika. Karl Popper, mzaliwa wa Vienna, alilichukua tatizo hilo akaligeuza. Katika kitabu chake cha mwaka 1934 alidai kwamba alama ya dai la kisayansi ni kukubali kuwekwa hatarini. Lazima liseme wazi ni matokeo gani yakionekana, litaanguka.

Mfano uliomvutia Popper tangu ujana ulikuwa kupatwa kwa jua kwa Mei 1919. Albert Einstein alikuwa ametaja namba mapema: mwanga wa nyota unaopita ukingoni mwa jua utapinda kwa sekunde 1.75 za pembe, mara mbili ya namba iliyotokana na hesabu za Newton. Arthur Eddington akaenda kupiga picha katika kisiwa cha Príncipe, kwenye Ghuba ya Guinea, na kundi jingine likaenda Sobral, Brazil. Vipimo vingekuja mbali na namba hiyo, Einstein angekuwa na kesi ya kujibu mbele ya dunia nzima.

Sasa litazame dai lako. "Mwarobaini una nafasi katika kudhibiti viwavijeshi vamizi kwenye mahindi." Sentensi hiyo haiwezi kushindwa, kwa kuwa hata shamba likiliwa lote, utapata pa kusema kwamba nafasi ipo. Iandike upya: "Siku ya 14 baada ya kunyunyizia, mimea iliyopata maji ya mbegu za mwarobaini yenye sabuni itakuwa na majani yaliyoliwa pungufu kwa angalau theluthi moja kuliko mimea iliyopata maji yenye sabuni tu." Hapa kuna siku, kuna kiasi, kuna wa kulinganishwa naye, na kuna namna ya kushindwa. Hata sabuni imetajwa pande zote mbili, kwa sababu huwekwa ili dawa ishike kwenye jani, na sabuni peke yake inaweza kuua wadudu.

Kabla hujaandika neno moja kuhusu mbinu, malizia sentensi hii kwa mkono wako: "Nitakubali kwamba dai langu si kweli iwapo..." Ukishindwa kuimalizia, ulichonacho ni mada, bado hujapata utafiti. Rudi kwa msimamizi wako mkaipunguze hiyo mada mpaka iwe dai linaloweza kuanguka.

Kupima ni kuamua

Wengi wetu tumefundishwa kwamba data hujieleza zenyewe, kwamba ukisoma kifaa vizuri umeshamaliza. Kisa cha Erasto Mpemba kinaonyesha kwa nini haitoshi.

Mwaka 1963 Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: wanachemsha maziwa, wanatia sukari, wanayaacha yapoe, ndipo wanayaingiza kwenye friji. Siku moja nafasi ndani ya friji ikawa ya kugombea. Mwenzake mmoja akaingiza maziwa yake bila kuyachemsha, na Mpemba, asije akakosa nafasi, akaingiza yake yakiwa bado ya moto. Baada ya kama saa moja na nusu, maziwa ya Mpemba yalikuwa yameganda na ya mwenzake bado. Alipomuuliza mwalimu wake wa fizikia, alijibiwa kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Hakuacha. Alipofika Mkwawa, Iringa, shule ilitembelewa na Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, na Mpemba akamuuliza swali lake mbele ya wenzake, nao wakamcheka. Osborne aliporudi Dar es Salaam alimwagiza fundi wa maabara ajaribu. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha makala katika jarida la Physics Education, na jina la kijana wa Magamba likaingia katika fizikia ya dunia.

Kisa hiki husimuliwa kama habari ya ushujaa wa kijana, na ushujaa upo kweli. Lakini mtafiti anayeanza amtazame zaidi yule fundi. Osborne anaeleza katika makala hiyo kwamba fundi alileta taarifa kuwa maji yaliyoanza yakiwa ya moto ndiyo yaliyoganda kwanza, kisha akaahidi kwamba wataendelea kurudia jaribio mpaka wapate jibu sahihi. Fundi huyo alikuwa mtu mwaminifu, kwani alileta matokeo kama alivyoyaona. Tatizo ni kwamba alikuwa na nadharia kichwani, na nadharia hiyo ndiyo iliyokuwa inamwambia jaribio limekwisha lini. Angepata alichokitarajia mara ya kwanza, angefunga daftari siku hiyohiyo. Thomas Kuhn, katika kitabu chake cha mwaka 1962, alieleza kwa kirefu jinsi wanasayansi wanavyolelewa ndani ya matarajio ya pamoja, na jinsi kinachopingana na matarajio hayo kinavyohesabiwa kwanza kuwa kosa la mpimaji.

Jiulize wewe hurudia kipimo lini. Kama unarudia pale tu namba inapokushangaza na unaiacha inapokupendeza, umeshachagua matokeo yako, hata kama hujaghushi tarakimu hata moja. Kwa hiyo idadi ya marudio iamuliwe kabla ya kipimo cha kwanza. Kanuni ya kutupa kipimo kibovu nayo iandikwe kabla. Na kila kipimo kilichotupwa kibaki daftarini, kimekatwa kwa mstari mmoja unaosomeka, pembeni imeandikwa sababu.

Kisa hakikuishia 1969. Baadaye watafiti walipojaribu tena walikutana na swali la msingi zaidi: katika jaribio hili, maji yameganda lini? Ni pale kipande cha kwanza cha barafu kinapotokea? Ni pale chombo chote kinapokuwa kigumu? Au ni pale kipimajoto kinaposoma nyuzi 0 za Selsiasi? Maji yanaweza kushuka chini ya nyuzi 0 yakiwa bado hayajawa barafu, kwa hiyo mshindi anaweza kubadilika kutegemea umechagua mstari gani wa kumalizia. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden, watafiti wa Uingereza, walipima muda wa maji kufika nyuzi 0, wakapitia pia data za wenzao, na hawakupata ushahidi wa maana wa athari ya Mpemba, yaani maji ya moto kutangulia yale ya baridi. Walionyesha pia kwamba kipimajoto kikiwa juu au chini kidogo, tofauti ya kama sentimita moja ndani ya chombo, kinaweza kukuletea athari ambayo haipo. Kisha mwaka 2020 Avinash Kumar na John Bechhoefer, wa Simon Fraser University nchini Kanada, wakachapisha katika jarida la Nature jaribio ambalo halikuwa la barafu kabisa. Lilikuwa la punje ndogo sana iliyo ndani ya maji, na ndani yake mfumo ulioanza ukiwa na joto zaidi ulipoa upesi kuliko ule wa vuguvugu, kwa namna inayoweza kutabiriwa.

Basi Mpemba alikuwa sahihi au hakuwa? Jibu linategemea umeuliza nini hasa, na wanasayansi wazuri bado hawakubaliani. Wewe unachopaswa kuondoka nacho ni kazi ya kufanya. Kwa kila kitu unachopima, andika mambo matatu katika mstari mmoja: unachotaka kukijua, unachokisoma kwenye kifaa, na dhana inayokutoa kwenye cha pili kukupeleka kwenye cha kwanza. Kwa mfano: unataka kujua rutuba ya shamba; unachosoma ni kiasi cha naitrojeni katika gramu chache za udongo uliochotwa kwenye sentimita 20 za juu; dhana yako ni kwamba mizizi inalisha hapo, kwamba sehemu ulizochota zinawakilisha shamba zima, na kwamba naitrojeni ndiyo inayopungukiwa zaidi. Ukiiona dhana hiyo imeandikwa, utajua mara moja iwapo inafaa kuchota kwenye pembe moja tu ya shamba.

Yule ambaye hakupewa

Hapa ndipo penye uzito kuliko pote.

Mtoto analetwa hospitali na homa kali. Mikono na miguu yake ni ya baridi, mapigo kwenye kifundo cha mkono ni hafifu. Daktari anabonyeza ukucha mpaka unakuwa mweupe, anauachia, anahesabu. Rangi ikichukua sekunde 3 au zaidi kurudi, damu haizunguki inavyotakiwa. Tiba iliyofundishwa kwa miaka mingi katika nchi tajiri ilikuwa kumpa mtoto huyo dripu nyingi kwa haraka ili mishipa ijae. Mantiki yake ilieleweka, na madaktari walikuwa wakiona kwa macho yao watoto wakipata nafuu.

Jaribio lililoitwa FEAST liliipima tiba hiyo katika hospitali sita: Kilifi nchini Kenya, Muheza nchini Tanzania, na nne za Uganda. Watoto 3,141 waligawanywa kwa nasibu katika makundi matatu. La kwanza lilipewa dripu ya haraka ya albumini, la pili dripu ya haraka ya maji ya chumvi, na la tatu halikupewa dripu ya haraka. Matibabu mengine, yakiwemo maji ya kawaida ya polepole, antibiotiki na dawa za malaria, yaliendelea kwa wote. Wengi walitarajia dripu iokoe maisha. Januari 2011 jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati wake. Ndani ya saa 48 walikuwa wamefariki asilimia 10.6 ya watoto wa kundi la albumini, asilimia 10.5 ya kundi la maji ya chumvi, na asilimia 7.3 ya kundi ambalo halikupewa. Kwa kila watoto 100 waliopata tiba iliyoaminiwa kuwa bora, walikufa kama watatu zaidi.

Uchambuzi uliofuata ulifichua jambo gumu zaidi. Katika saa ya kwanza, dalili za damu kutozunguka ziliondoka kwa watoto wengi zaidi miongoni mwa waliopewa dripu ya haraka. Kwa maneno mengine, daktari aliyesimama kando ya kitanda aliona sawasawa. Mikono ilipata joto, rangi ya ukucha ilirudi. Ambacho hakuweza kukiona, na ambacho hakuna jicho linaloweza kukiona, ni mtoto yuleyule, saa ileile, bila dripu.

Hilo ndilo fundo la falsafa yote ya majaribio. Unaposema kitu fulani kimesababisha kingine, unatoa kauli kuhusu jambo ambalo halikutokea: unasema kwamba cha kwanza kingekosekana, cha pili kisingekuwapo. Mtoto mmoja hawezi kupewa na kutopewa kwa wakati mmoja. Kipande kimoja cha shamba hakiwezi kupandwa mbegu mbili katika msimu uleule. Kwa hiyo tunatafuta wa kusimama mahali pa kile ambacho hakikutokea, na kundi la kulinganishia lipo kwa kazi hiyo tu. Likifanana na kundi lako katika kila kitu isipokuwa tiba, unaweza kuongea kuhusu sababu. Lisipofanana, unaongea kuhusu tofauti za watu.

Ndiyo maana muundo wa "kabla na baada" ni dhaifu, ingawa tasnifu nyingi zinautegemea. Wagonjwa huja hospitali wakiwa wamezidiwa, na wengi wangepata nafuu siku zilizofuata hata wasingeguswa. Wanafunzi walio chini kabisa katika mtihani wa kwanza huelekea kupanda kidogo katika wa pili, fundisha usifundishe. Ukipima kabla, ukaingilia kati, ukapima baada, umejumlisha kazi yako na kazi ya muda, na huna namna ya kuzitenganisha.

Je, watafiti walikuwa na haki ya kumnyima mtoto dripu kwa ajili ya utafiti? Swali hilo ni la lazima, na jibu lake lina falsafa ndani yake. Ruhusa ya kugawa watu kwa nasibu inatokana na kutojua kwa kweli ni upande gani ulio bora. Anayejua tayari hana haki ya kugawa. Lakini asiyejua, akaendelea kutoa tiba kwa kila mtu bila kupima, anafanya jaribio pia, isipokuwa jaribio lake halina kumbukumbu na halitamfundisha mtu yeyote. Unapoandika maombi ya kibali cha maadili, eleza kwa uaminifu kile ambacho wataalamu hawakijui bado. Na matokeo yakishatoka, heshimu mipaka yake: FEAST haikuhusisha watoto wenye kuhara wala wenye utapiamlo mkali, na haisemi neno juu yao.

Mgao wa nasibu wenyewe hauhitaji mashine. Tuseme unalinganisha mbegu nne za mahindi kwenye shamba lenye mteremko. Maji na rutuba hukusanyika chini. Ukiipanda mbegu unayoipenda upande wa chini, hata bila kukusudia, umeshaipa ushindi. Ronald Fisher alilifikiria tatizo la namna hii miaka ya 1920 katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, na utaratibu wake bado unatumika: likate shamba katika mikanda inayokwenda sambamba na kontua, kila mkanda uwe na udongo unaokaribia kufanana, kisha ndani ya kila mkanda piga kura kwa vikaratasi ili kujua mbegu ipi inakwenda kwenye kipande kipi. Piga kura upya kwa kila mkanda. Jicho lako lisichague, kwa sababu jicho lako tayari lina upande, na udongo una tofauti nyingi ambazo wewe huzijui na kura haihitaji kuzijua.

Matokeo yanapokukataa

Popper anatufundisha kwamba ushahidi wa kinyume unaliangusha dai. Mwanafizikia wa Ufaransa Pierre Duhem, mwanzoni mwa karne ya 20, alikuwa ameshaona ugumu ulio ndani ya somo hilo: dai haliendi kwenye jaribio peke yake. Linakwenda na kundi zima la dhana, kwamba kifaa kiko sawa, sampuli ni safi, wahusika walifuata maelekezo. Matokeo yakikataa, yanakuambia tu kwamba kitu fulani katika kundi hilo si kweli. Hayakuambii kipi.

Hili lilitokea hapa kwetu, pembeni mwa Ziwa Victoria, na lilihusu maisha ya watu wengi. Mkoani Mwanza, watafiti walichukua jamii 12 zilizopangwa katika jozi sita. Katika kila jozi, jamii moja ilichaguliwa kwa nasibu iboreshewe matibabu ya magonjwa ya zinaa katika vituo vya afya vya kawaida: wahudumu wakafundishwa, dawa zikapatikana, usimamizi ukawepo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1995 yalionyesha kwamba katika miaka miwili maambukizi mapya ya VVU yalikuwa asilimia 1.2 katika jamii zilizoboreshewa na asilimia 1.9 katika zile nyingine, pungufu ya karibu asilimia 40. Ilikuwa habari kubwa. Kisha mwaka 1999 yakaja matokeo ya Rakai, Uganda, ng'ambo ya ziwa. Huko vijiji viliwekwa katika makundi 10, na katika nusu ya makundi hayo watu wazima walipelekewa dawa za magonjwa ya zinaa nyumbani kila baada ya miezi 10. Baadhi ya magonjwa hayo yalipungua. VVU havikupungua.

Mtu mvivu angesema mmoja amekosea. Waliokuwa makini walifungua orodha ya dhana. Mwanza ilikuwa na maambukizi ya takribani asilimia 4 ya watu wazima, Rakai takribani asilimia 16, kwa hiyo huenda pale ambapo VVU vimeshaenea sana, magonjwa mengine ya zinaa hayachangii tena sehemu ileile. Mwanza ilimtibu mwenye dalili siku anayokuja, mwaka mzima. Rakai ilimtibu kila mtu mara moja, kisha ikamwacha miezi 10 ambamo angeweza kuambukizwa tena. Hata magonjwa yenyewe hayakuwa yaleyale kwa uwiano uleule. Maelezo haya yalizaa maswali ya kupimwa, na hiyo ndiyo tofauti kati ya maelezo na kisingizio. Maelezo yanakuambia upime nini tena. Kisingizio kinafunga mlango.

Kwa hiyo kabla ya kwenda kukusanya data, andika orodha ya dhana zako zote kwa mfuatano, kuanzia ile unayoihofia zaidi. Ile ya juu kabisa ipime pembeni, hata kwa kipimo kidogo: ingiza sampuli ambayo jibu lake unalijua tayari, uone kama kifaa kinaisoma sawasawa, ingiza nyingine isiyo na kitu, uone kama kitakudanganya kwamba kipo. Ukifanya hivyo, matokeo ya kukataa hayatakuwa janga. Utajua kwamba kifaa kilifanya kazi, na kwamba aliyekataa ni ulimwengu. Tasnifu yenye jibu la "hapana" lililopimwa vizuri ni tasnifu kamili, na msimamizi anayekulazimisha uitafutie "ndiyo" anakupotosha.

Neno fupi kuhusu namba 0.05, kizingiti cha kuyaita matokeo "ya maana" kitakwimu, ambayo Fisher aliieneza kuanzia mwaka 1925. Inamaanisha kwamba kama hakuna kitu chochote, bado utapata "matokeo ya maana" mara moja katika kila mara 20 kwa bahati tu. Ukipima mahusiano 20 yasiyotegemeana, na yote hayana kitu, uwezekano wa angalau moja kujitokeza kwa bahati ni takribani asilimia 64. Anayepima 20 kisha akaandika moja tu, akalivika dai lililotungwa baada ya kuliona, amemwondolea msomaji uwezo wa kujua. Kutafuta bila dai la awali kunaruhusiwa na mara nyingi ndiko kunakoleta wazo jipya, ila liite kwa jina lake: uchunguzi wa awali. Dai lililozaliwa humo lipimwe kwa data nyingine.

Sasa iandike ile aya

Huhitaji kurasa nyingi. Ukiwa mwanafunzi wa ule utafiti wa mwarobaini, aya yako inaweza kusomeka hivi:

"Utafiti huu unachukulia kwamba uharibifu wa viwavijeshi ni jambo linaloweza kupimwa na watu wawili tofauti wakapata namba inayokaribiana, kwa hiyo kila mmea utahesabiwa na wahesabu wawili wasiojua mmea upi umepata dawa. Dai litahesabiwa kuwa limeanguka iwapo tofauti siku ya 14 itakuwa chini ya theluthi moja. Kwa kuwa haiwezekani kuona mmea uleule bila dawa, mimea ya kulinganishia itachaguliwa kwa kura ndani ya kila mkanda wa shamba. Dhana tunayoihofia zaidi ni kwamba sabuni haiui viwavi. Itapimwa pembeni kwa mimea iliyopata maji pekee. Matokeo yatahusu msimu mmoja na shamba moja."

Hakuna jina la mwanafalsafa hata mmoja humo, na Hume, Popper, Duhem na Fisher wote wamefanya kazi yao. Chuo chako kikidai ulitaje neno upozitivisti, litaje; halitadhuru likiwa limeungwa na sentensi kama hizo. Utakapokaa mbele ya watahini, swali la "kwa nini ulichagua mbinu hii?" litakuwa na jibu ambalo hukulikariri.

Iandike aya hiyo wiki hii, kabla hujachapisha hojaji wala kununua chupa moja ya kemikali, na umpe mtu ambaye hakubaliani na dai lako aisome. Mwambie akutafutie mahali ambapo unaweza kukosea bila kujua. Akipapata, badilisha mbinu sasa, maana data zikishakusanywa hakuna takwimu itakayolirekebisha jaribio lililopangwa vibaya.